Duka linalokataa njumu za bei chee lina hoja, lakini nusu tu

Kuna swali ambalo mchezaji wa mchangani hujiuliza kila akitoka mikono mitupu kwenye duka kubwa la vifaa vya michezo pale Kariakoo: hivi hawa jamaa pesa hawaitaki? Ameingia na Sh25,000 yake mfukoni, ameulizia njumu, amejibiwa kwa upole: "Za bei hiyo hatuweki, mdogo wangu, jaribu kule nje." Akitoka nje, kweli zipo. Zimetandazwa kwenye turubai, zinang'aa kijani, chungwa na pinki, na winga wa Kariakoo ameshamshika mkono kabla hajauliza bei.

Vijiweni hukumu ya hilo duka imeshatoka zamani. Wanaringa. Wanataka wateja wenye magari. Wamesahau kwamba mpira wa nchi hii unaishi Tandale, Manzese na Mbagala, siyo kwenye viyoyozi.

Hukumu hiyo ni tamu kuisikia, ila haijakaa sawa. Muuzaji anayekataa kuweka njumu za bei chee mara nyingi ana hesabu kichwani, na nyingi ya hesabu hizo zina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba hesabu hizo zinamlinda yeye kwanza, halafu zinaitwa ubora. Shabiki na mchezaji wanapaswa kujua ipi ni ipi.

Kwanza vitu vitatu vitenganishwe, maana mtaani vinachanganywa sana. Kuna feki, yaani kiatu au jezi iliyobandikwa nembo ya mtu bila ruhusa yake. Huo si ubahili, ni kosa. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayozunguka kukamata mizigo ya namna hiyo. Muuzaji anayekataa feki hahitaji kujieleza kwa yeyote. Kuna mtumba, kiatu halali ambacho kimeshachezewa na mwingine, na wenye macho ya kuchagua wanajua njia ya kwenda Karume. Halafu kuna cha tatu, ambacho ndicho kinachozungumzwa hapa: kiatu kipya, halali, chenye jina lake lisilojulikana na bei ya chini. Hakijaiba nembo ya mtu. Kosa lake ni kuwa rahisi tu.

Kwa nini duka linakikimbia?

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme muuzaji ana kodi ya fremu ya Sh1,000,000 kwa mwezi. Njumu anayoiuza Sh25,000 ameinunua Sh22,000, faida yake Sh3,000. Njumu anayoiuza Sh120,000 inamwachia Sh25,000. Ili alipe kodi kwa njumu za pili, anahitaji kuuza pea 40. Kwa zile za kwanza anahitaji pea 334. Na kila pea, iwe ya bei gani, inataka kazi ileile: kijana wa dukani apande ngazi, ashushe boksi, mteja ajaribu namba 41, ikimbana ajaribu 42, atembee nayo kidogo, aulize kama kuna nyeusi, risiti itolewe. Jasho ni lilelile, mavuno hayafanani.

Hapo bado kiatu hakijarudishwa.

Njumu ya bei chee ina tabia moja mbaya: soli yake ikiamua kuachia, inaachia mapema. Gundi imepakwa kwa haraka, hakuna uzi ulioshona pembeni, na uwanja wa mchangani hauna huruma. Mechi mbili, mdomo uko wazi. Mteja anarudi dukani na boksi lake, na haki yake ni ya kweli. Muuzaji akimrudishia pesa, ametupa Sh22,000 aliyonunulia mzigo, yaani faida ya zaidi ya pea saba imeondoka na kiatu kimoja. Angekuwa ameuza kiatu cha kampuni yenye wakala, angekipeleka kwa wakala. Hiki atakipeleka kwa nani? Kwenye boksi hakuna anwani wala namba ya simu. Aliyekileta aliteremsha kontena, akauza jumla, akapotea. Muuzaji wa rejareja anabaki peke yake na kesi isiyo yake.

Na mteja akikataliwa, mambo ni mabaya zaidi. Kijiweni hakuna anayelaumu kiwanda. Hakuna shabiki aliyewahi kusema "kiwanda fulani kimeniangusha." Atasema "yule jamaa wa mtaa ule kanipiga." Maneno hayo yanasafiri kuliko krosi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila hawakusema kwamba kibaya kikijitembeza hutembea kikiwa kimebeba jina la aliyekiuza.

Sababu ya tatu iko mguuni kwa mchezaji, na hii ndiyo yenye uzito kuliko zote. Njumu nzuri si rangi. Viatu vya kampuni zinazoeleweka huandikwa herufi zinazosema ni vya uwanja gani. SG ni vya nyasi laini zilizolowa, vina meno marefu, mara nyingi ya chuma. FG ni vya nyasi za kawaida zilizokauka vizuri. AG ni vya nyasi bandia, meno mafupi na mengi, kwa ajili ya viwanja kama Nyamagana au Karume. TF vina vijimeno vidogo vya mpira chini, na kwa ardhi ngumu ya mitaa mingi ya kwetu hivyo ndivyo vinavyofaa. Meno marefu kwenye ardhi ngumu au kwenye kapeti hung'ang'ania chini wakati mwili unageuka. Mguu umebaki, kiuno kimekwenda. Mzigo wote unahamia kifundoni na gotini. Wangapi mtaani wanatembea na goti lililokufa wakiwa na miaka 22, na hakuna anayekumbuka walikuwa wamevaa nini siku ile?

Njumu nyingi za kwenye turubai hazisemi chochote. Muuzaji mkweli akiulizwa "hii ni ya uwanja gani, kaka?" hana jibu. Afadhali asiiweke.

Hofu hii si ya Kariakoo pekee. Kwenye biashara ya silaha yenyewe, siyo hizi silaha za miguuni, mambo ni yaleyale. Mashabiki wa Arsenal wanaitwa Washika Bunduki kwa sababu klabu yao ilianzishwa 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, London. Lakini nchi ambayo raia huingia dukani kununua bastola kama anavyonunua simu ni Marekani, na huko pia kuna maduka yasiyotaka kabisa kuweka bastola za bei poa.

Sababu zao mtu wa Msimbazi angezielewa bila mkalimani. Mnunuzi wa bunduki kwenye duka lenye leseni hujaza fomu ya serikali, namba 4473, na kwa kawaida taarifa zake huchunguzwa kabla hajakabidhiwa. Duka lazima litunze kumbukumbu za kila silaha iliyoingia na iliyotoka. Fomu ni ileile kwa bastola ya dola 150 na ya dola 1,500. Kazi ileile, faida tofauti. Halafu kuna historia. Sheria ya mwaka 1968 ilibana uingizaji wa bastola ndogo za bei ya chini kutoka nje, na nafasi hiyo ikajazwa na viwanda vya ndani, vingi kusini mwa California, vilivyotengeneza bastola za madini ya zinki kwa bei ya kutupa. Kimoja cha viwanda hivyo, Bryco, kilikuwa na bastola ambayo ili uitoe risasi ilibidi kwanza uondoe kizuizi cha usalama. Mtoto wa miaka saba alipigwa risasi kwa bahati mbaya wakati mtu akijaribu kuitoa risasi, akapooza. Kesi ilipoamuliwa 2003 na fidia kubwa ikatajwa, kampuni ikaomba kufilisika.

Hebu fikiria muuzaji aliyekuwa na bastola za kampuni ile kwenye kabati lake. Bidhaa ipo, mwenye bidhaa ameondoka. Anayegongewa mlango ni nani?

Lakini Marekani hiyohiyo ina mfano wa upande wa pili, na wenye maduka ya kwetu wangeusoma mara mbili. Kuna kampuni ya Ohio inaitwa Hi-Point. Bastola zake ni nzito, sura yake haivutii, na ni miongoni mwa za bei ya chini kabisa sokoni. Watu wanazicheka. Ila kampuni inatoa dhamana ya maisha yote ya bastola, hata ikiwa mikononi mwa mtu aliyeinunua ikiwa imetumika. Ikiharibika, mwenye nayo anajua pa kuipeleka. Bei yake ni chee, lakini mwenyewe yupo. Na bado kuna maduka hayaiweki. Hapo sababu ya kurudishiwa mzigo imeshakufa. Zimebaki mbili tu, faida ndogo na aibu ya kuonekana na kitu cha bei ya chini kabatini.

Mfano huo unatoa mwanga kwenye jambo lote. Duka lenye akili halipaswi kuogopa bei ya chini. Linapaswa kuogopa bidhaa isiyo na mwenyewe. Ni vitu viwili tofauti, na maduka mengi ya vifaa vya michezo yamevifunga kamba moja kwa sababu ni rahisi kufanya hivyo. Wakikataa kiatu kisicho na jina wala anwani, wako sahihi asilimia mia. Wakikataa kila kiatu kilicho chini ya bei fulani, hapo ubora umeshaondoka kwenye mazungumzo. Kilichobaki ni biashara, na biashara ina haki yake, ila isijivike kanzu ya uadilifu.

Maana kijana aliyekataliwa harudi nyumbani kusubiri hadi apate Sh120,000. Anayedhani hivyo hajawahi kuwa na mechi Jumamosi. Anakwenda kwenye turubai. Duka limelinda jina lake, limemwacha mteja kwa mtu ambaye kesho hatakuwepo pale alipokuwa leo. Mguu ni uleule, goti ni lilelile. Tofauti ni kwamba sasa hakuna hata mtu wa kumwambia "mdogo wangu, hii usivae kwenye kapeti."

Na wanaoumia ni wale ambao soka letu linawahitaji. Straika wa Ligi Kuu hanunui njumu kwenye turubai. Anayenunua ni wa miaka 17 anayekwenda kwenye majaribio ya timu ya vijana, ambaye atapewa dakika 20 za kuonekana. Soli ikifunguka dakika ya sita, kocha haandiki kwenye karatasi "kiatu kibovu." Anaandika "hana kasi," anaita mwingine. Wengine hutundika daluga kwa uzee. Huyu anatundikishwa kabla hajaanza.

Wengine watasema haiwezekani kuwa na kitu cha bei ya chini kinachoeleweka. Rahisi ni ghali, wanasema, mjadala umefungwa. Lakini waangalie mpira wenyewe. FIFA, ambao hawajulikani kwa kupenda vitu rahisi, wana madaraja matatu ya mipira wanayoipima: FIFA Quality Pro juu, FIFA Quality katikati na FIFA Basic chini. Mpira wa namba 5 kwa sheria unatakiwa uwe na mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Vipimo vya daraja la juu ni vikali zaidi, vya daraja la chini ni vyepesi zaidi. Lakini mpira wa daraja la chini nao umepimwa, una muhuri, na kuna mtu anayewajibika kwa muhuri huo. Wenye mpira duniani wameona kwamba timu ya mtaani haiwezi kununua mpira wa fainali, wakaiwekea ngazi yake ya kukanyaga. Hawakuiambia ikajaribu kule nje.

Hata kampuni kubwa za viatu zinafanya hivyo. Njumu anayovaa staa wa Ulaya ina ndugu zake wadogo wa jina lilelile, bei ya chini, ngozi nyepesi kidogo, bila mbwembwe. Soli yao haifunguki kwa mechi mbili. Kuna maduka ya Kariakoo yanayaagiza, ila mengi huleta ya juu kwanza kwa sababu ndiyo yanayopendeza kwenye kioo.

Kwa hiyo mwenye duka afanye nini? Si lazima ajaze kabati takataka ili aonekane mtu wa watu. Aweke aina moja tu ya bei ya chini ambayo ameijaribu. Ampe beki wa ndondo acheze nayo mwezi mzima kabla hajaagiza mzigo. Akiona imedumu, aagize. Anunue kwa mtu mwenye ofisi na risiti, ili soli ikiachia kuwe na mlango wa kugonga. Aandike pale ukutani, kwa Kiswahili, kiatu hiki ni cha uwanja gani na kikifunguka ndani ya siku ngapi kinabadilishwa. Faida yake itakuwa ndogo kwenye pea hiyo, hilo halikwepeki. Ila anayenunua pea ya Sh25,000 leo atanunua vilinda ugoko palepale, atarudi kununua soksi, na siku akipata mkataba wake wa kwanza hatakwenda duka jingine.

Vilinda ugoko navyo visisahaulike. Sheria ya 4 inavitaja kama vifaa vya lazima, na tangu msimu wa 2024/25 imeweka wazi kwamba mchezaji mwenyewe ndiye anayewajibika kwa ukubwa na ufaafu wa alivyovaa. Anayevaa vipande vidogo kama kadi ya benki kwa sababu vilikuwa chee, akivunjika asimtafute refa.

Timu za mtaani nazo zina la kufanya. Wachezaji 20 wanaokwenda mmoja mmoja kwenye turubai ni wateja 20 wanyonge. Katibu akiwakusanyia pesa, akaingia dukani na oda ya pea 20 za namba zinazojulikana, huyo ni mteja wa kukaribishwa kiti. Muuzaji anayechukia faida ya Sh3,000 kwa pea moja hataichukia Sh60,000 kwa dakika kumi bila kumpandisha mtu ngazi mara 20. Hapo bei inashuka bila ubora kushuka, na hakuna aliyemfanyia mwenzake hisani.

Na shabiki ajifunze kuuliza swali sahihi. Akiingia dukani anauliza "bei gani?" na akitoka anauliza "mbona ghali?" Kati ya hayo mawili kuna swali linalopaswa kuulizwa kwanza: "Hii ikiharibika, namrudia nani?" Muuzaji mwenye jibu anastahili pesa hata kama kiatu chake si cha kung'aa. Asiye na jibu, awe kwenye kiyoyozi au juani, anyimwe.

Duka linalosema "za bei hiyo hatuweki" limesema nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ni kumwambia kijana wa Sh25,000 kwamba ipo njumu ya pesa yake, isiyo na jina kubwa, iliyojaribiwa, na kwamba ikimwangusha kabla ya wakati wake anajua pa kuirudisha. Maduka yatakayoimaliza sentensi hiyo ndiyo yatakayouza njumu kwa wachezaji wa Ligi Kuu wa miaka mitano ijayo. Wengi wao muda huu wako mchangani, na Jumamosi wana mechi.